Tangi ni Lako

Ukambani huwezi kujenga nyumba bila kufikiria tangi. Hata bomba la maji likifika langoni, tangi utanunua tu, kwa sababu kuna wiki maji yatakuja na kuna wiki yatakosa. Kazi ya kampuni inaishia kwenye mita. Kutoka hapo kuingia ndani, tangi ni lako, na ni wewe unayeamua nani achote.

Hivyo ndivyo ninavyowajibu majirani hapa Wote wakiniuliza kwa nini nilinunua ruta yangu ilhali watu wa faiba walinipa nyingine ya bure.

Faiba yenyewe ni uzi wa kioo. Kiini chake, pale mwanga unapopita, kina upana wa mikromita 9 hivi, chembamba kuliko unywele wako mara kadhaa. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na Nairobi ikaanza kuongea habari za kasi. Kati ya miji hiyo miwili kuna sisi: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali. Kwa miaka mingi tuliendelea kununua bando za saa moja huku tukisikia ati nchi imeunganishwa. Kwa hivyo faiba ilipofika mlangoni kwangu, sikutaka kuipokea kama mgeni asiyeulizwa maswali.

Ndani ya nyumba, uzi unaishia kwenye kiboksi kinachoitwa ONT. Hicho hugeuza mwanga kuwa umeme. Hiyo ndiyo mita. Ruta huja baada yake: ndiyo hugawia simu na laptop zako anwani, hurusha Wi-Fi, na hulinda mlango wa nje. Shida ni kwamba mara nyingi kampuni huweka vyote viwili ndani ya boksi moja, inabaki na ufunguo wa mipangilio, halafu wewe unafikiri mtandao ni hilo boksi.

Langu lilikuwa hafifu. Kuta za mawe zilimeza mawimbi, chumba ninachoandikia hakikupata kitu, na ukurasa wa mipangilio uliniruhusu kubadilisha jina la Wi-Fi na nywila yake, basi. Mimi nalipwa kwa makala. Isipofika kwa saa ya mteja, hakuna pesa. Nikapanda matatu hadi Nairobi, Luthuli Avenue, nikanunua ruta ya mtumba.

Kuichomeka ni rahisi. Kazi iko kwenye maswali matatu ya kuuliza kampuni kabla hujachomeka. Kwanza, laini inaingia kwa PPPoE, yaani kwa jina na nywila, au inapewa anwani yenyewe kwa DHCP? Pili, kuna namba ya VLAN? Tatu, laini imefungwa kwa MAC ya ruta ya zamani, ile namba iliyobandikwa chini yake? Na kama ONT na ruta ni boksi moja, uliza kama wanaweza kuliweka kwenye modi ya briji, libaki kupitisha tu.

“Hiyo ni siri ya kampuni, madam,” aliniambia wa kwanza.

“Siri ya laini ninayolipia kila mwezi?”

Akanisihi nisubiri. Nikasubiri hadi simu ikakatika. Ni kwenye simu ya tatu ndipo fundi mmoja alisema, “Andika, dada,” akanisomea yote polepole, tarakimu kwa tarakimu.

Kwa kuwa ruta ilikuwa ya mtumba, niliifuta kabisa kwanza. Nikachomeka kebo kutoka ONT hadi tundu la WAN, nikafungua 192.168.1.1, nikaingiza niliyosomewa. Kabla ya kufurahia kasi, nikabadilisha nywila ya msimamizi, maana “admin” inajulikana na kila mtu, kisha nikasasisha programu yake. Laptop ikabaki kwenye 5 GHz. Simu ya chumba cha mbali ikaenda 2.4 GHz, ambayo ni ya polepole lakini huvuka ukuta vizuri zaidi.

Si kila kitu kinatatuka. Ukiona ruta yako imepewa anwani ya nje iliyo kati ya 100.64 na 100.127, jua unashiriki anwani moja na nyumba nyingine nyingi, na kamera ya nyumbani huwezi kuifungua ukiwa mbali hivi hivi. Na stima ikipotea, ONT nayo inalala, labda uwe na betri.

Lakini niliona maana ya haya yote Kitui, kwa dada yangu mkubwa, ambaye ana saiba. Watu humletea kitambulisho, PIN ya KRA, nywila ya eCitizen, fomu ya HELB. Vijana waliokaa nje wakinunua Wi-Fi walikuwa kwenye mtandao ule ule na mashine zake.

“Kwani hawa wangeweza kuona mambo ya wateja wangu?” akaniuliza.

“Wangeweza kujaribu.”

Hakusema kitu. Akavuta kiti, akakaa kando yangu, akataka aonyeshwe kila hatua: mtandao wa wageni peke yake, mashine za kazi peke yake, nywila mbili tofauti.

Wiki iliyofuata nilimpigia kujua kama kila kitu kiko sawa. Akasema kiko sawa, na kwamba nywila ya msimamizi ameibadilisha. Nikamwomba anitumie, just in case.

“Ya nini?” akasema. “Wewe si unakaa Wote?”