Tembo la Alfajiri

Katika Galu, mahali nilipozaliwa, minazi ni mingi, na baba yangu alikuwa mgema. Kila siku, alfajiri na jioni, alipanda minazi yake na kotama kiunoni, akachonga ncha ya karara, akateremsha kibuyu kilichojaa na kufunga kingine mahali pake. Tembo la alfajiri ni tamu kama maji ya muwa, lakini utamu wake hauna subira. Hamira, ambayo ni viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, huanza kula sukari tembo lingali mtini, ikatoa kileo na hewa ifanyayo povu. Jua likipanda tembo huanza kuwa kali. Baada ya siku chache ni siki.

Binamu yangu, mhudumu wa meza katika hoteli moja ya Diani, aliniambia kuwa Wafaransa wameuzuia utamu usikimbie. Katika Roussillon, karibu na mpaka wa Hispania, maji ya zabibu huachwa yachachuke kidogo. Kabla sukari haijaisha, humiminiwa pombe kali iliyokenekwa. Hamira hulewa ikafa, nikiruhusiwa kusema hivyo, na utamu hubaki. Sifa ya ufundi huu hupewa Arnaud de Villeneuve, tabibu aliyefundisha Montpellier katika karne ya 13. Divai hizo, kama Banyuls na Rivesaltes, huwa na kileo cha asilimia 15 au zaidi, na aghalabu hukaa miaka mingi. Wageni huzinywa kidogo kidogo, pamoja na chokoleti, au na jibini la ukungu wa buluu lenye chumvi nyingi. Binamu alidhani nitaistaajabia habari ya jibini. Sikustaajabu. Nimeona wazee wetu wakitafuna papa wa chumvi kwa tembo tamu.

Mimi si mnywaji. Nyumbani kwetu tembo tamu lilikuwa kitu cha jikoni. Bibi yangu, aliyeswali swala tano na kuishi kwa kazi ya mwanawe bila kuitaja, alilitumia kuumulia vitumbua vya mchele, tui na iliki. Vilikuwa na ladha ambayo hamira ya dukani haiijui. Lakini shuleni niliitwa mwana wa mgema, nami niliona haya, ingawa karo yangu ilitoka katika vibuyu hivyo.

Nilipokuwa na umri wa miaka 10, siku moja kabla ya harusi ya dada yangu, baba alinipa kibuyu akasema, “Mpelekee bibi yako, mbio.” Nilipita njia ya pwani ili wenzangu wa shule wasinione nacho. Maji yalikuwa yamekupwa, na watoto wa wavuvi walikuwa wakisaka pweza miambani. Nikakiweka kibuyu mchangani. Niliporudi jua lilikuwa juu, kizibo kimeruka, na povu limetiririka mpaka chini.

Bibi alichovya kidole, akaonja. “Mjukuu wangu,” akasema, “umeniletea la wanaume.” Hakunipiga. Alilimimina katika mtungi wa siki.

Baba alipopata habari hakusema neno. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha, naye akatwaa kotama, akapanda mnazi wakati usio wake. Nilisimama chini nikiitazama miguu yake ikitafuta vidato vilivyolowa. Mguu mmoja uliteleza; akaukumbatia mti, akatulia, kisha akaendelea. Nilivihesabu vidato vyote, kupanda na kushuka. Alirudi na tembo kiasi cha kikombe kimoja, maana mnazi hautoi kwa kuombwa.

Bibi alikipokea kwa mikono miwili. Vitumbua vya wageni viliumuliwa kwa hamira ya dukani; vya kikombe kile vilikuwa vichache, navyo vilipikwa usiku. Cha kwanza alimpa baba, akakila amesimama mlangoni, goti lake lililochubuka limefungwa kitambaa. Cha pili alinipa mimi.