NESI YULE HAKUWA MIMI (Sehemu ya 3)

Nimetoka zamu ya usiku, nimelala kidogo, maharage yako jikoni, sasa niko nanyi. Samahani kwa kuwasubirisha wiki nzima.

Kwa aliyechelewa kufika: ukurasa wangu wa zamani, ule niliouanza nikiwa bado napanga chumba kimoja, uliibiwa. Watu elfu arobaini na moja. Nilikuwa zamu, saa tisa usiku, tumetoka kuzalisha wawili mfululizo, ujumbe ukaingia kwamba ukurasa wangu umeripotiwa kukiuka masharti na utafungwa nisipokata rufaa. Kulikuwa na linki. Nikabonyeza, nikaweka neno la siri, wakaomba zile namba sita zinazokuja kwa meseji, nikawapa. Mimi huyu huyu ninayewasisitizia wanafunzi wa uuguzi wasome jina la dawa mara tatu kabla ya kumpa mgonjwa.

Hayo tumeshayacheka na kuyalia kwenye sehemu ya 1 na ya 2. Leo nataka kueleza kwa nini sijajenga ukurasa mwingine mkubwa kama ule, nimebaki na hiki kiakaunti kidogo, na kwa nini mnaniona nahangaika na mitandao ambayo wengi wenu hamjaisikia. Ila siwezi kufika huko bila kupitia kwa yule mama.

Mwizi hakubadilisha kitu. Picha yangu ileile nikiwa na sare, jina lilelile la utani mlilonizoea. Alikaa kimya siku nne, halafu akaanza kuuza unga wa majani wa "kumaliza" presha na sukari, kopo shilingi 45,000, na sharti lake uache kwanza vidonge vya hospitali ili mwili usafishike. Niliripoti. Wenzangu wakaripoti. Jibu likarudi kwamba wamepitia na hawakuona kosa lolote.

Wiki ya tatu akaletwa mama mmoja wodini kwetu, miaka kama sitini. Mdomo umeenda upande, mkono wa kulia hauinuki, presha 214 kwa 118. Binti yake ndiye aliyekuwa anajibu maswali. Anatumia dawa gani? Alikuwa anatumia amlodipini, aliacha. Nani alimwambia aache? Binti akatoa simu, akanigeuzia.

Nikajiona.

Nilikuwa nimevaa barakoa na kofia, hakunitambua. Akaniambia, "Sista, huyu nesi tunamwamini sana. Nilipokuwa na mimba ya kwanza nilimwandikia usiku miguu imevimba na kichwa kinaniuma, akaniambia nisisubiri asubuhi. Kumbe ilikuwa kifafa cha mimba kinaninyemelea." Nilimkumbuka. Wallahi nilimkumbuka, hata ile meseji. Ndiyo maana alipoona tangazo la ule unga hakuuliza mara mbili. Alimnunulia mama yake kwa upendo.

Sikumwambia usiku ule. Nilimwambia kesho yake, nimevua barakoa. Alininyamazia muda mrefu, kisha akaanza kunipa pole yeye mimi, badala ya mimi kumpa yeye.

Mama alipona kiasi. Anatembea na fimbo.

Halafu kuna inboksi. Ukurasa ningeusahau, watu elfu arobaini huwa wanakuja na kuondoka. Lakini mle ndani kulikuwa na wanawake walioniandikia usiku wa manane mambo ambayo hawajawaambia mama zao. Aliyekutwa na virusi na mume hajui. Binti wa kidato cha tatu. Picha za vipele sehemu ambazo mtu hupigi picha ila umekata tamaa. Vyote alikabidhiwa mwizi siku moja, kwa vile namba sita. Mmoja wao nilimpata kwa simu baadaye, akaniambia alishadaiwa pesa ili "siri isitoke". Alilipa. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo linaloninyima usingizi mpaka leo.

Nilipowaandikia wenye mtandao kwamba huyu si mimi, mashine yao ikaniomba kitambulisho. Nikatuma cha NIDA. Jina la NIDA halifanani na jina la utani la ukurasa, ikakataa. Ndo nikaelewa kitu ambacho sikuwahi kukifikiria kwa miaka yote: kwa wao, mimi ni yule mwenye neno la siri. Jina nililolijenga kwa kuamka usiku kujibu watu lilikuwa mstari mmoja kwenye daftari la mtu mwingine, na daftari liko mbali, na karani hapokei simu.

Mtoto wa dada yangu anasoma mambo ya kompyuta. Nilimlilia, akanisikiliza, kisha akaniuliza swali la ajabu: "Mama mdogo, kadi ya kliniki ya mjamzito anakaa nayo nani?"

Anakaa nayo mwenyewe, nikamwambia. Anarudi nayo nyumbani. Akianza kliniki Kigoma, mume akahamishiwa Tanga, anabeba kadi yake kwenye pochi, nesi wa Tanga anaifungua na kuendelea pale mwenzake alipoishia. Hatujawahi kuonana na yule wa Kigoma. Ila sote tumefundishwa kwamba hapa panaandikwa presha, hapa wingi wa damu, hapa umri wa mimba. Faili la wodini ndilo linalobaki masjala, na mgonjwa akilitaka ni shughuli.

"Sasa basi," akasema, "wewe miaka yote ulikuwa na faili. Kuna watu wanajaribu kutengeneza kadi."

Akanielezea kwa mfano wa barua pepe kwanza. Mwenye barua pepe ya kampuni moja anamwandikia mwenye ya kampuni nyingine na inafika, kwa sababu kuna kanuni za pamoja ambazo si za kampuni yoyote. Mitandao ya kijamii haikujengwa hivyo. Kila mmoja ulijenga ukuta wake. Mwaka 2016 kijana mmoja Ujerumani, Eugen Rochko, akatoa Mastodon, ambayo ni programu mtu yeyote anaweza kuiweka kwenye seva yake, chuo, chama, hata wewe na ndugu zako, na seva hizo zikasalimiana na kubadilishana habari. Januari 2018 shirika la W3C, hao wanaoweka kanuni za tovuti duniani, likaidhinisha itifaki ya ActivityPub inayotumika humo. Jina lako linakuwa na sehemu mbili kama barua pepe: wewe nani, na uko seva gani.

Na unaweza kuhama. Mnakumbuka 2017 iliporuhusiwa hapa kwetu kuhama kampuni ya simu bila kubadili namba? Wazo ndo hilo. Ukihama seva, wafuasi wako wanakufuata.

Nikafurahi sana. Nikajiunga usiku uleule. Halafu nikaanza kuuliza maswali ya kinesi, na hapo mtoto wa dada akaanza kukuna kichwa.

Swali la kwanza: machapisho yangu nayo yanahama? Hapana, kwa Mastodon wanahama wafuasi, ulichoandika kinabaki kule ulikotoka. Yaani mgonjwa kapewa rufaa, barua anayo, ila historia yake yote kaiacha masjala. La pili: seva ni ya nani? Mara nyingi ya mtu mmoja anayejitolea. Hiyo naijua, tuna zahanati zinazotegemea mganga mmoja, akiumwa yeye, kijiji kizima kinaumwa. Seva ikifungwa ghafla kabla hujahama, huna wa kukusukumia wafuasi wako. La tatu ndilo lililonikata maini: ujumbe wa siri kule, mwenye seva anaweza kuusoma. Haujafungwa kwa ufunguo wa watu wawili kama wa WhatsApp. Na ukifuta ulichoandika, seva yako inazituma nyingine ombi la kufuta, ila ile isiyotaka kutii haitii.

Nawaambieni hili kwa herufi kubwa kwa sababu kuna watu wanauza mitandao hii kama dawa ya kila kitu, na mimi dawa za kila kitu nimeshaziona matokeo yake. KUMILIKI JINA LAKO SI SAWA NA KULINDA SIRI ZA WATU. Ni magonjwa mawili tofauti. Inboksi yangu ingekuwa Mastodon siku ile nikatoa neno la siri, mwizi angeisoma vilevile.

Kilichonisaidia mimi kwenye jina ni kitu kingine, na wala si kigumu. Nilikodi anwani ya tovuti, kikoa wanakiita, inayoishia na .tz. Nasema nilikodi makusudi, maana unalipia kila mwaka, ukisahau ukaacha ipotee, mwingine anaichukua. Kwa hiyo hata neno "kumiliki" nalitumia nimekodoa macho. Lakini mkataba uko kwa jina langu la NIDA.

Sasa, Bluesky inakuruhusu kutumia kikoa chako kama jina lako. Gazeti la New York Times kule linaitwa nytimes.com, basi. Anayetaka kuiga gazeti hilo atabandika nembo, atanakili maelezo, ila jina hilo hawezi kulivaa kwa sababu hana funguo za tovuti ile. Na nyuma ya jina kuna namba ndefu isiyobadilika, kama namba yako ya NIDA, kwa hiyo hata ukibadili jina, wafuasi na machapisho yanabaki yako. Mfumo wao unakuruhusu kuhama seva na machapisho yako pia. Kadi kamili, mnaona? Ila msishangilie sana: wengi wa waliomo wako kwenye seva za kampuni ileile, na daftari la zile namba ndefu lilianzishwa na kampuni hiyohiyo. Kuruhusiwa kuhama na watu kuhama kweli ni vitu viwili. Hata uzazi wa mpango tunao bure.

Kule nina wafuasi mia moja na kumi na wawili. Wengi ni madaktari wa nje na vijana wa kompyuta. Yule binti na mama yake hawapo, na sidhani kama watakuja, kwa sababu bando lao ni la mitandao ileile mikubwa na hakuna jirani wa kuwaelekeza. Kwa hiyo bado nawaandikia huku. Sina aibu, mgonjwa anafuatwa alipo. Ila huku nimeweka kibanda tu. Kila ninachoandika kinaanza kukaa kwenye tovuti yangu, nakala yake ndo mnayoisoma. Na juu ya ukurasa nimeandika ile anwani, kwamba nesi yeyote mwenye sura yangu ambaye hayupo kwenye anwani hii, si mimi, hata akiniita shikamoo.

Ya siri sipokei tena kwa inboksi ya mtandao wowote. Njoo kliniki, au nipigie. Najua kuna watakaokosa ujasiri wa kupiga, wale wa usiku wa manane. Hiyo ni hasara ya kweli na sijapata namna ya kuifidia. Kuna usiku naamka nikishika simu kwa mazoea, nakuta hakuna aliyeuliza kitu.

Ukurasa ule ulifungwa hatimaye, mwezi wa tano. Haukurudishwa kwangu, ulifungwa tu, na kila nilichoandika humo. Pamoja na somo la dalili za hatari kwa mjamzito ambalo mlikuwa mnalisambaza kila mwaka. Nimeanza kuliandika upya kwa kumbukumbu, mwenye picha aliyoihifadhi kwenye simu anitumie tafadhali.

Jumanne iliyopita yule mama alikuja kliniki ya presha, na fimbo yake, 142 kwa 88, vidonge kameza vyote nikahesabu maganda. Kadi zake anazifunga kwenye mfuko wa nailoni pamoja na daftari la hospitali. Akanipa lile daftari, akaniambia, "Niandikie hapo nyuma ni wapi unapatikana wewe mwenyewe, mwanangu. Kwa mkono wako, nikuone unaandika." Nikaandika namba ya simu, na chini yake ile anwani. Akaisoma herufi moja moja, kidole kikifuata, akaniuliza hii nukta hapa ni ya kazi gani.

Nikamwambia, mama, hiyo mwambie binti asiiruke.