Nondo wa Ohrid na Jina Lake
Nondo aitwaye Cameraria ohridella ana urefu wa milimita 5 hivi. Alionwa kwanza karibu na Ziwa Ohrid, Masedonia, mwaka 1984, akapewa jina hilo mwaka 1986. Kiwavi wake hula ndani ya jani la Aesculus hippocastanum, baina ya ngozi zake mbili, hata jani likakauka katikati ya kiangazi. (Jina la mti huo nalo lamtaja farasi, ilhali mbegu zake ni sumu kwa farasi.) Wataalamu walibishana sana juu ya asili ya nondo huyo. Mwaka 2011 ikabainishwa kwamba majani yaliyochumwa Ugiriki mwaka 1879 na kukaushwa yalikuwa na viwavi hao hao. Jina, basi, lilieleza aliposimama mtazamaji, si atokako mdudu. Waliohifadhi majani yale walimhifadhi, pasipo kujua, na mlaji wake.