Sentimita Moja kwa Kila Mita

Machi tulimzika fundi wangu kijijini kwao Mkuranga, masika yakiwa yameshaanza. Watu wanaomba dua, mimi macho yangu yako kwenye maji yanayotiririka kuelekea kaburini, hadi nikamwomba kijana mmoja achimbe mfereji mdogo upande wa juu. Miaka ishirini na sita niliyofanya kazi na mzee yule, jambo la kwanza kila tulipofika kwenye ua wa mtu lilikuwa hilo: maji yanatoka wapi, yanakwenda wapi.

Mimi ni mzaliwa wa Muheza, mtoto wa mkata mkonge. Nilimaliza darasa la saba mwaka 1979, nikaja Dar es Salaam kwa mjomba, nikawa saidia fundi Ilala. Mwaka 1984 nikapata kibarua Oysterbay, kwenye nyumba iliyokuwa ikijengewa uwanja wa tenisi nyuma. Nilikuwa namimina maji kwenye zege ili lichanganyike upesi, mzee akaja akaichukua ndoo mkononi mwangu. "Mwanangu, huu si uji," akasema. Akanieleza kwamba maji yakizidi hupanda juu ya zege, na yakikauka huacha ngozi ya vumbi isiyoshika rangi. Kuanzia siku hiyo nikawa wake.

Mchanga wa ufukweni hakutaka hata kuuona, kwa kuwa chumvi hula nondo, nondo ikipata kutu huvimba na kulipasua zege. Lakini kilichomkosesha usingizi ni mteremko. Kiwanja kizuri cha michezo ukikitazama utadhani kimelala sawasawa, kumbe kinashuka sentimita moja kwa kila mita, bapa moja kutoka upande huu hadi ule, bila mgongo katikati kama wa barabara. Kiwanja cha kikapu chenye upana wa mita 15 kinashuka sentimita 15, kimo cha tofali la inchi sita lililolazwa.

Tulipima kwa mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, umejazwa maji. Mimi nashika ncha moja kwenye kigingi cha kona, yeye ncha ya pili kona ya mbali, vidole gumba vimeziba. Kwanza tunafukuza mapovu. Povu moja tu likibaki, kipimo kinadanganya. Kisha anasema, "Achia." Maji yanapanda na kushuka ndani ya mpira, yanahema, yanatulia. Hapo ndipo alama inapigwa kwenye kigingi kwa penseli, halafu tunashuka kutoka alama ile, sentimita moja, mita moja, kamba baada ya kamba.

Tulibishana. Kiwanja kikiinama upande, mchezaji wa kona ya kushoto na wa kona ya kulia hawaoni ringi kwa kimo kilekile. Nilitaka tupunguze hadi milimita nane. Mzee akasema mvua ya Dar haitamsubiri mtu, na kwamba mtupo wa kona hupigwa mbio mbio, lakini mtupo huru hupigwa mahali palepale mara elfu, na mahali hapo pako mbele ya ringi, katikati, kimo kimoja na sakafu iliyo chini ya ringi. Hadi leo naamini milimita nane zinatosha fundi akiwa na mkono. Katika hilo la pili alikuwa sahihi, na nililielewa kwa gharama.

Mwaka 2009 Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili kuingia NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, na wazazi wengi waliokuwa na ua mpana wakaanza kututafuta. Mwaka uliofuata tukapata kazi Mbezi Beach, nusu uwanja kwa ajili ya mtoto wa daktari mmoja, mama mpole sana. Mkandarasi aliyetuita alikuwa na msimamizi kijana. Akaamua mteremko utoke kwenye ringi kwenda nyuma, kwa sababu mfereji ulikuwa tayari upo huko. Mzee alimweleza kwa heshima: kutoka katikati ya ringi hadi mstari wa mtupo huru ni mita nne na kidogo, kwa hiyo mtoto atasimama sentimita nne chini, na ringi ya mita 3.05 kwake itakuwa 3.09. Atajizoesha ringi isiyopatikana kwingine kokote. Kijana akajibu, "Mzee, hiyo ni sentimita nne tu."

Zege likamwagwa hivyo. Siku ya kumi na mbili msimamizi yule akataka rangi ipakwe, kwa kuwa mtoto alikuwa na sherehe ya kuzaliwa. Zege huloweshwa chini ya magunia siku saba, na husubiriwa siku 28 kabla ya rangi. Mzee alikunja mpira wake wa maji akaondoka bila kudai hela yake. Mimi nilibaki. Nilikuwa na ada ya watoto wawili. Nilipaka.

Rangi ilitoka malengelenge kabla ya miezi miwili. Nilirudi kwa nauli yangu nikaikwangua, nikapaka upya, na yule mama akanishukuru. Mteremko hakuna namna ya kuurekebisha ila kuvunja. Mzee hakunilaumu. Wala hakuniita tena kazini.

Nyinyi vijana mnaofunga vigae vya plastiki juu ya zege lolote, nisikilizeni. Vigae si vibaya. Lakini vinaficha tu: chini yake dimbwi liko palepale, linazaa mbu, na sakafu inayumba. Tandikeni zege kama vile hakuna kigae kitakachokuja. Mwageni maji, subirini saa moja juani, wekeni sarafu kwenye kidimbwi kilichobaki. Ikizama yote, hamjamaliza.

Baada ya arobaini nilikwenda Msasani, kwenye uwanja tulioujenga mwaka 1996. Mlinzi alinifungulia. Mvua ilikuwa imekatika kama saa moja. Rangi imepauka, nguzo imeshika kutu ya bahari. Nilizunguka na sarafu mkononi kutafuta pa kuiweka, kona hadi kona, na maji yote yalikuwa yameshafika kwenye mwembe ulio upande wa chini.