Safari ya Simiyu: Maradhi Yanayotoka Zizini

Ndugu msomaji, mwezi huu tunatembelea Mkoa wa Simiyu. Tutaiona nchi yenyewe, mji wa Bariadi, na vijiji vya wafugaji. Tukiwa njiani tutajifunza jambo moja kubwa: baadhi ya magonjwa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo huwapata watu pia. Tutaona yanapita wapi, na jinsi ya kuyafungia njia.

NCHI YA PAMBA NA NG'OMBE

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo sehemu yake kubwa ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga. Wilaya zake ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Makao makuu ya mkoa ni Bariadi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022, mkoa ulikuwa na watu zaidi ya milioni 2.

Safari yetu inaanzia Lamadi, katika Wilaya ya Busega. Hapa ni kando ya Ziwa Victoria, kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Tunaliacha ziwa nyuma yetu, tunashika barabara ya lami kuelekea Bariadi. Ni mwendo wa kilomita kama 70.

Njiani tunaona mashamba ya pamba, mahindi, mtama na viazi vitamu. Tunaona ng'ombe wakikokota plau. Tunaona pia ngitili. Ngitili ni malisho ambayo Wasukuma huyatenga na kuyalinda wakati wa mvua, ili ng'ombe wapate majani wakati wa kiangazi. Hiyo ni akiba ya busara.

Kabla ya kuingia mjini tunapita Nyakabindi. Katika viwanja vya hapo palifanyika maonyesho ya Nane Nane ya kitaifa kuanzia mwaka 2018 hadi 2020.

Tukipita asubuhi tutasikia salamu: "Mwangaluka!" Baada ya salamu, watu huulizana habari za nyumbani, za mvua na za mifugo. Ng'ombe hapa ni plau na maziwa. Ni mahari ya kijana na karo ya mtoto. Ni akiba ya siku ya shida. Kwa hiyo ng'ombe akifa, nyumba nzima huhuzunika.

NG'OMBE AKIFA GHAFLA

Tumefika Bariadi. Mjini kuna bucha. Nyama halali ya bucha hupimwa na mkaguzi, kisha hupigwa mhuri. Mhuri ule unasema kwamba mnyama alichinjwa akiwa mzima na nyama yake imekaguliwa.

Lakini kijijini mambo huweza kuwa mengine. Jioni ng'ombe alikula vizuri. Asubuhi anakutwa amekufa. Mwenye ng'ombe anaona hasara kubwa. Majirani wanakuja kumsaidia. Mmoja ana kisu, mwingine ana shoka. Wanamchuna, wanagawana nyama, na kila mmoja anaahidi kulipa chochote baada ya kuuza pamba. Wanafanya hivyo kwa wema. Lakini wema huo unaweza kuingiza kifo katika nyumba kumi.

Huenda ng'ombe huyo ameuawa na kimeta. Kimeta ni ugonjwa wa bakteria. Bakteria ni vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Mnyama mwenye kimeta huweza kufa bila kuugua kwa muda mrefu. Mara nyingi damu nyeusi isiyoganda hutoka puani, mdomoni au sehemu ya nyuma. Mzoga huvimba upesi na haukakamai vizuri. Lakini si lazima dalili zote zionekane. Kila mnyama aliyekufa ghafla atiliwe shaka.

Sasa sikiliza siri ya vijidudu hivi. Mzoga usipopasuliwa, vijidudu vingi vya kimeta hufa ndani yake kadiri unavyooza. Lakini ukipasuliwa, damu hukutana na hewa. Hapo vijidudu hujivika ganda gumu. Katika ganda hilo huweza kulala ardhini miaka mingi, hata makumi ya miaka. Jua haliwamalizi, wala kiangazi. Siku moja ng'ombe mwingine atakula majani mahali pale, na ugonjwa utaanza upya. Kisu kimoja kinaweza kuharibu malisho ya watoto na wajukuu.

Wengine husema, "Tutaichemsha sana." Ndugu, usidanganyike. Vijidudu vyenye ganda huweza kuvumilia moto wa sufuria. Tena mchunaji huambukizwa hata kabla nyama haijafika jikoni, kwa damu inayogusa mikwaruzo ya mikono yake. Ngozi nayo ni ya hatari. Usiianike, wala usiiuze.

KIDONDA CHEUSI KISICHOUMA

Kimeta huingia kwa mtu kwa njia tatu: kupitia ngozi, kwa kula nyama, na kwa kuvuta vumbi lenye vijidudu. Kile cha ngozi ndicho kinachoonekana zaidi. Huanza kama kipele kinachowasha, mara nyingi mkononi, usoni au shingoni. Kipele huwa lengelenge. Kisha hutokea kidonda chenye kovu jeusi katikati, na pembeni huvimba.

Kidonda hiki kwa kawaida hakiumi. Hapo ndipo watu hudanganyika, kwa kudhani kwamba kisichouma si kibaya. Kimeta cha tumboni huleta homa, kutapika na kuhara damu. Cha mapafuni huzuia pumzi, na huua upesi.

Dawa ipo. Mgonjwa akienda mapema kwenye zahanati au kituo cha afya, hutibiwa na kupona. Amweleze mganga wazi: "Nilichuna ng'ombe aliyekufa mwenyewe." Maneno hayo machache humsaidia mganga kuutambua ugonjwa.

MAZIWA YA ASUBUHI

Sasa tunatoka Bariadi na kuelekea kusini, katika vijiji vya Itilima. Alfajiri watu wako zizini wanakamua. Watoto wanangoja na vikombe vyao. Wengi hupenda maziwa mabichi yakiwa bado na povu. Kibuyu cha mtindi nacho kiko ndani.

Katika maziwa hayo mabichi kunaweza kuwa na ugonjwa wa kutupa mimba. Wataalamu huuita brusela. Daktari Mwingereza, David Bruce, alikigundua kijidudu chake katika kisiwa cha Malta mwaka 1887, kwa kuchunguza miili ya askari waliokufa kwa homa. Baadaye ilijulikana kwamba askari wale walikuwa wanaupata ugonjwa kwa kunywa maziwa mabichi ya mbuzi.

Ng'ombe au mbuzi mwenye brusela hutupa mimba, hasa mimba ikiwa kubwa. Pengine kondo la nyuma hukataa kutoka. Baadaye huweza kuzaa vizuri na kuonekana mzima, huku vijidudu vingali vinatoka katika maziwa yake.

Mtu aliyeambukizwa hupata homa inayokuja na kuondoka. Hutoka jasho usiku. Viungo na mgongo humuuma, na mwili hukosa nguvu. Wanaume wengine huvimba korodani. Mama mjamzito huweza kuharibikiwa mimba. Wengi hudhani ni malaria. Hunywa dawa ya malaria leo, na mwezi ujao tena, wala hawaponi. Fedha zinakwisha, na shamba halilimwi.

Brusela hutibiwa kwa dawa za aina mbili au zaidi pamoja, kwa wiki 6 hivi. Mgonjwa asiache dawa kwa sababu homa imeshuka. Mfugaji mwenye homa isiyokwisha amwambie mganga kwamba anafuga na anakunywa maziwa, ili apimwe.

Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita katika maziwa mabichi. Basi tufanye hivi: tuchemshe maziwa mpaka yainuke, ndipo tunywe. Anayetaka mtindi achemshe maziwa kwanza, ayaache yapoe, kisha ayagandishe. Kuganda peke yake hakuui vijidudu vyote. Mtindi wa maziwa yaliyochemshwa ni mtamu vilevile.

NG'OMBE ANAPOZAA

Njia nyingine ya brusela ni mikono. Ng'ombe akishindwa kuzaa, mchungaji humsaidia kwa mikono mitupu. Ng'ombe akitupa mimba, mtoto hutumwa akaitupe porini. Mbwa huiokota na kuizungusha kijiji kizima.

Maji ya uzazi, ndama aliyetupwa na kondo la nyuma vina vijidudu vingi sana. Usivishike bila glavu. Ukikosa glavu, vaa mifuko ya plastiki isiyotoboka, kisha nawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Vizikwe katika shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua. Mama mjamzito na watoto wasikaribie.

MEATU, MPAKANI MWA PORI

Safari yetu inaishia Meatu, ambako makao ya wilaya ni Mwanhuzi. Nchi hii ni kavu kuliko upande wa ziwa. Katika miaka ya 2010 kulianzishwa hapa kiwanda kidogo cha maziwa. Kiwanda cha maziwa hupasha maziwa moto kwa kipimo ili kuua vijidudu. Sufuria ya mama nyumbani hufanya kazi hiyohiyo.

Upande wa mashariki liko Pori la Akiba la Maswa, na mbele yake Hifadhi ya Serengeti. Wanyama wa pori hawajui mpaka. Kimeta huwaua nyumbu na pundamilia pia. Mwaka 2016 kimeta kilizuka Selela, katika Wilaya ya Monduli, Mkoa wa Arusha. Wanyama wa pori na mifugo walikufa, na watu waliugua. Kwa hiyo mzoga wa pori nao usiguswe. Nyama ya kuokota si bahati.

Kinga kubwa ni chanjo. Mwaka 1881, huko Ufaransa, Louis Pasteur aliwachanja kondoo dhidi ya kimeta mbele ya watu. Kisha kondoo waliochanjwa na wasiochanjwa wote walitiwa ugonjwa. Wasiochanjwa walikufa. Waliochanjwa waliendelea kula majani. Leo chanjo ya kimeta hutengenezwa hapa nchini, Kibaha, na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Ng'ombe huchanjwa kila mwaka. Kwa brusela, mitamba hupewa chanjo yao wakiwa bado wadogo. Muulize afisa mifugo wa kata yako.

Mwenye ng'ombe mmoja aliyekufa atasema, "Nimepata hasara, sasa mnaniambia nizike fedha zangu?" Swali lake ni la haki. Jibu ni hili: ng'ombe yule amekwisha kupotea. Nyama yake haimrudishi. Lakini mtoto akiugua kwa nyama hiyo, au malisho yakiharibika, hasara itakuwa kubwa mara nyingi zaidi. Majirani wanaotaka kumsaidia waje na majembe, wachimbe shimo pamoja naye.

TUKUMBUKE

1. Mnyama akifa ghafla, usimpasue, usimchune, usile nyama yake.
2. Wazuie watoto na mbwa wasikaribie. Mwite afisa mifugo upesi.
3. Kwa maelekezo yake, mzoga uchomwe mpaka uwe majivu, au uzikwe futi 6, mbali na kisima na lambo.
4. Chemsha maziwa kabla ya kunywa au kugandisha.
5. Usishike ndama aliyetupwa wala kondo la nyuma kwa mikono mitupu.
6. Chanja mifugo yako kwa wakati.
7. Ukiwa na homa isiyokwisha au kidonda cheusi, nenda zahanati. Sema kwamba wewe ni mfugaji.

Ndugu msomaji, ukimaliza kusoma habari hii, msomee jirani ambaye hajajua kusoma. Ng'ombe wako na wake hunywa maji katika lambo moja.