Kompyuta inazima ukifungua gemu: pima kwanza, ndipo umtuhumu aliyekuuzia



Ndugu zangu, leo naomba mnivumilie. Mmenizoea kwenye darasa za mirathi, ndoa na madeni. Lakini kuna swali linalonijia kila baada ya wiki mbili tatu, na wanaouliza ni vijana: "Ustadhi, nimenunua kadi ya picha, nimeifunga kwenye kompyuta, nikifungua gemu inazima. Aliyeniuzia hataki kunirudishia hela. Je, hajanidhulumu?" Wananiuliza mimi kwa sababu wanajua kabla ya mimbari nilikaa miaka tisa kwenye kibanda cha kutengeneza redio na kompyuta hapahapa Mwanza.

Litazame swali lenyewe. Ndani yake kuna maswali mawili. La kwanza ni la umeme: kwa nini inazima? La pili ni la haki: nani alipe? Kijana analiruka la kwanza anakimbilia la pili. Sasa mimi nitahukumu vipi kitu ambacho hakijapimwa?

Nitawapa kisa kimoja cha mwaka huu. Wenyewe wamenipa ruhusa, majina nayaacha.

Kijana mmoja wa Kirumba ana chumba kidogo cha gemu, si mbali na Mwaloni. Watoto wanalipa, wanacheza mpira na GTA. Mtaji alipewa na mama yake, na mama yake ni muuza dagaa. Mnaoujua ule mwalo mnajua laki moja ya dagaa inapatikanaje: kuamka usiku, kuanika, kugeuza, kuomba mvua isinyeshe. Kompyuta yake kubwa ni ya ofisi, mtumba, ya mwaka 2014, prosesa yake Core i5-4590. Ilikuwa na kadi ndogo ya GT 1030. Akaona wateja wanalalamika picha zinakwama, akanunua kadi ya GTX 1660 Super iliyotumika, kwa laki tatu na nusu, kutoka kwa kijana mwenzake anayeuza vifaa karibu na Makoroboi. Wanaswali msikiti mmoja.

Siku hiyohiyo akaongeza na ramu ya GB 8. Hili liwekeni akilini.

Akaiwasha, ikawaka. Video inacheza, Windows inafunguka vizuri. Akafungua GTA: dakika nne, tap! Skrini nyeusi, kompyuta inajiwasha upya. Akarudia, dakika sita, tap. Siku ya tatu akaenda kwenye grupu la WhatsApp la vijana wa msikiti akaandika kwamba fulani ni tapeli, kamuuzia kadi mbovu. Watu sitini na kitu wakasoma. Mjomba wake naye akasema ni jicho, chumba kinajaza watoto na majirani wanaona. Jicho hatulikatai, ndugu zangu. Lakini jicho gani hili linaloiacha Windows itulie siku nzima, linasubiri GTA ifunguke?

Kesi ikaletwa kwangu baada ya Isha. Nikawaambia, kesho mniletee kompyuta, siyo maneno.

(Najua wapo watakaoandika hapa chini, "Ustadhi, na gemu tena?" Hukumu ya michezo ina darasa lake, na nimelitoa. Hapa pana laki tatu na nusu na heshima ya Muislamu.)

Fundi yeyote mkweli anaanza na swali moja: kabla ya ugonjwa kuanza, nini kilibadilika? Kijana akasema, kadi. Nikamuuliza, na nini kingine? Akanyamaza kidogo, akasema, na ramu. Basi hapo tuna watuhumiwa wawili na siyo mmoja, na yeye alishamtangaza mmoja. Ukibadilisha vitu viwili kwa siku moja, umejinyima ushahidi. Tukaitoa ramu mpya, tukabaki na ya zamani. Ikazima vilevile. Ramu ikatoka kwenye kesi.

Tukafungua kitabu cha matukio cha Windows. Humo kulikuwa na mistari mingi imeandikwa Kernel-Power 41. Vijana wengi wakiiona hii wanashangilia: "Nimepata, ni pawa!" Hapana. Huyo 41 ni shahidi anayesema tu, "Kompyuta ilizimika bila kuagwa." Hasemi nani kaizima. Inaweza kuwa umeme, inaweza kuwa joto, inaweza kuwa mtu kachomoa waya. Ushahidi wake upokee, lakini usimwongezee maneno ambayo hakuyasema.

Likaja la draiva, yaani ile programu inayoiwezesha Windows kuzungumza na kadi. Hili msilidharau. Septemba 2020 ilipotoka kadi ya RTX 3080, watu waliopanga foleni kuinunua walikuta gemu zinaanguka. Mitandaoni ikaenea kwamba vifaa vidogo vya kuhifadhi chaji nyuma ya kadi ni vya hali ya chini. Maneno hayo yalikuwa na chembe ya ukweli, kwani EVGA walisema wenyewe kuwa walikigundua kitu cha namna hiyo kwenye majaribio wakabadilisha muundo. Lakini tarehe 28 mwezi huohuo Nvidia wakatoa draiva 456.55, na wengi waliokuwa tayari kurudisha kadi zao wakacheza. Kwa hiyo na sisi tukaifuta draiva yote kwa programu ya DDU, Windows ikiwa kwenye hali salama, tukaweka mpya. Dakika tano, tap.

Joto je? Sisi watu wa ziwani tuna adui wetu. Wale wadudu wanaoinuka juu ya maji kama moshi, wakiingia mjini wanafuata taa, na feni ya kompyuta inawavuta ndani. Nimewahi kufungua mashine Igombe nikakuta mapezi ya kupozea yamezibwa kabisa na wadudu wakavu na vumbi. Tukasafisha, tukaangalia kipimo wakati gemu inacheza: nyuzi 71. Kwa kadi hii hakuna tatizo hapo. Joto likatoka kwenye kesi.

Kipimo kilichofuata hakigharimu hata shilingi, na ndicho ninachowaomba mkishike. Kuna programu ya bure inaitwa MSI Afterburner. Inakuruhusu kuipunguzia kadi kiwango cha umeme inachoruhusiwa kuvuta. Tukashusha hadi asilimia 70. GTA ikacheza saa nzima. Tukarudisha 100, ikazima kabla chai haijapoa. Mnaona sasa? Kadi ileile, gemu ileile, draiva ileile. Kilichobadilika ni wati tu.

Nikafungua kasha nikasoma kibandiko cha pawa sapulai: wati 290. Kijana akatoa simu akapiga hesabu, akafurahi. Prosesa wati 84, kadi wati 125, vilivyobaki tuseme 40, jumla 249. "Inatosha, ustadhi, na chenji inabaki!"

Hesabu ya karatasi inatosha, ndiyo. Lakini zile 125 ni wastani. Kadi haivuti umeme kama bomba linavyotoa maji. Inavuta kwa kushtuka: kwa sehemu ndogo sana ya sekunde inaruka juu kuliko kilichoandikwa, halafu inashuka. Pawa sapulai yenye nafasi inalimeza ruko hilo. Iliyobanwa, tena imefanya kazi ofisini miaka mingi na vifaa vyake vya ndani vimechoka, inaona ruko hilo kama hatari na inakata kila kitu. Hiyo ndiyo tap. Haijaharibika, inajilinda. Ile GT 1030 ilikuwa inataka wati 30 tu, ndiyo maana miaka yote hakusikia kitu. Na watengenezaji wenyewe wanapendekeza pawa sapulai ya wati 450 kwa 1660 Super.

Wavuvi wetu wanalijua hili bila kusoma kibandiko. Mtumbwi uliochongwa kwa injini ya farasi 15, huifungi ya farasi 40 ukaondoka. Utaanza kwanza kuuliza ubao wa nyuma umekaaje.

Lakini nilichokikuta baada ya hapo ndicho kilichonitisha. Pawa sapulai ile ya ofisi haina waya wa kadi ya picha. Kadi hii inataka kichwa cha waya chenye pini 8. Sasa imewashwaje? Kulikuwa na kiunganishi cha rangi rangi: upande mmoja pini 8, upande wa pili kichwa cha SATA, kile cha kuwashia hadidiski. Nikakigusa, cha moto. Plastiki imeanza kugeuka rangi.

Ndugu zangu, sikilizeni vizuri hapa. Kichwa cha SATA kimewekewa ampea 4.5 kwenye voliti 12. Zidisha: wati 54. Kichwa cha pini 8 kimeruhusiwa wati 150. Ukivifunga pamoja, kadi inaliona tundu kubwa inadhani ina njia pana, kumbe nyuma yake kuna waya wa hadidiski. Kompyuta ikizima, umepata nafuu. Isipozima, waya unayeyuka, na kile ni chumba cha mlango mmoja chenye watoto tisa na mapazia.

Nikauliza, hiki umekitoa wapi? Kijana akamtazama muuzaji. Muuzaji akasema, "Nilimpa bure, ustadhi. Nyongeza."

Tukabakiza kipimo kimoja. Tukaipeleka kadi kwa kijana mwingine Igoma, mashine yake ina pawa sapulai ya wati 550 na waya wake halisi wa pini 8. Nikataka wote wawili wawepo, mnunuzi na muuzaji, wakae wakitazama. Ikacheza saa mbili, kuanzia Alasiri hadi tulipoinuka kwenda Magharibi. Haikuzima hata mara moja. Hiki ndicho kipimo kinachomaliza ubishi kuliko vyote: kitoe kinachotuhumiwa, kipeleke kwenye nyumba nyingine yenye afya, uone kama ugonjwa unakifuata. Kama ugonjwa umebaki nyumbani, mgonjwa ni nyumba.

Sasa tuje kwenye haki. Fiqhi yetu inampa mnunuzi khiyari ya aibu: ukikuta kasoro iliyokuwepo kabla hujanunua na hukuambiwa, una haki ya kurudisha. Na mwenye kudai ndiye wa kuleta ushahidi. Hapa kadi imekutwa nzima, hivyo kwenye kadi hana cha kurudishiwa. Mnunuzi akakubali.

Muuzaji akataka kuinuka. Nikamwambia, kaa, yako bado. Wewe umefanya kazi hii miaka mitano. Ulimuuliza ana pawa sapulai gani? Akasema, "Nilimuuliza, akasema ya kawaida." Na wewe ukamkabidhi waya ambao mwenyewe hungeufunga kwenye mashine yako? Hapo akainamisha kichwa. Wapo watakaosema alichotoa bure hakidaiwi. Mimi naona kutoza au kutotoza hakubadilishi kitu mtu anapoweka mkononi mwa mwenzake kinachoweza kuwasha moto. Bure inafuta bei tu.

Wakasuluhishana wenyewe, mimi nikiwa shahidi. Muuzaji ametoa pawa sapulai ya wati 500 iliyotumika kwa nusu ya bei, na mnunuzi amemalizia. Angalizo kwa mnaotumia mashine za ofisi kama hii: baadhi yake madabodi, ule ubao mkuu, ina tundu la umeme la pini 8 badala ya 24 za kawaida, kwa hiyo pawa sapulai ya dukani haiingii moja kwa moja. Kuna waya wa kubadilisha 24 kwenda 8. Huo hauna hatari ya ule wa SATA, lakini hakikisha ni wa mashine yako, kwa sababu mpangilio wa pini hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Ukikosea, unaunguza madabodi. Na ukinunua pawa sapulai ya mtumba, usiamini kibandiko peke yake. Soma mstari wa voliti 12 una ampea ngapi, kwa sababu prosesa na kadi vyote vinakula hapo.

Tukafunga kila kitu, kadi kwa asilimia 100, na ramu ile ya GB 8 tukairudisha mwisho, peke yake, baada ya siku mbili za utulivu.

Likabaki la grupu. Kijana alitaka kumwomba mwenzake msamaha pale pale kwangu, wapeane mikono yaishe. Nikamuuliza, tuhuma uliiandika wapi? Akasema, kwenye grupu. Nikamwambia, basi msamaha na uende huko huko, wausome walewale sitini. Alichukua muda kuandika, akafuta, akaandika tena. Mwishowe akatuma sauti, dakika moja na kidogo, akieleza kadi ni nzima na kwamba aliandika kabla ya kupima. Muuzaji akajibu kwa sauti pia, akataja na ule waya, na kwamba wawili wengine aliowahi kuwapa wamrudishie awape pesa. Mmoja ameshaurudisha. Wa pili yuko Sengerema, na mpaka naandika haya simu yake haipatikani. Ukiwa unasoma, au unamjua kijana wa Sengerema aliyefunga 1660 Super kwa waya wa SATA, mwambie azime leo.

Wallahu a'lam. Wenye maswali ya mashine zao, andikeni hapa chini prosesa, kadi na wati za pawa sapulai. Nitajibu baada ya Isha, in sha Allah.