Kuukusanya Moyo

Mji wa Usenge umekaa ukingoni mwa Ziwa Victoria, katika nchi ya Yimbo, upande wa Bondo, karibu sana na mstari wa ikweta. Jirani yake umesimama mlima wa Ramogi, ambapo wazee wa Kijaluo husimulia kwamba ndipo mababu zao walipotua walipoingia nchi hii. Mbele yake, ng'ambo ya maji, kinaonekana kisiwa cha Mageta, ambako serikali ya kikoloni iliwaweka wafungwa wa Mau Mau katika miaka ya 1950. Mgeni afikaye hapa jioni, akauona utulivu wa maji na jua likizama, aweza kudhani kuwa amepata mahali pa kumwomba Mungu bila kusumbuliwa. Na akae juma moja.

Mashua huingia alfajiri, na makelele ya kununua na kuuza huanza kabla jua halijatoka. Pikipiki za abiria hupiga honi, redio za madukani hushindana, na siku za Jumamosi na Jumapili vibanda vya kuonyesha mpira wa Uingereza hujaa vijana hata wengine wakasimama dirishani. Mfukoni mwa karibu kila mtu mzima imo simu, nayo hulia kumwarifu kwamba ametumiwa fedha, au amefiwa, au kwamba akiweka shilingi 50 juu ya mchezo fulani atatajirika kabla ya usiku. Kanisani nako hatukuokoka: vipaza sauti huvuma, na matangazo ya michango mara nyingine huwa marefu kuliko mahubiri. Nasema haya kama mtu aketiye katika mabenchi hayo, wala si kama mpita njia.

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, jambo hili halikunishughulisha. Kengele ilituamsha, kengele ikatupeleka katika sala, kengele ikatutoa. Moyo ulikusanywa na mkono wa mtu mwingine, kama mbuzi wanavyokusanywa na mchungaji, nasi tuliita hali ile uchaji. Nilipopewa kazi ya kufundisha hapa ziwani hakuna aliyenipigia kengele, na ndipo nilipoanza kupima ni kiasi gani cha uchaji ule kilikuwa changu na kiasi gani kilikuwa cha kengele.

Siku moja katika somo la dini kijana wa kidato cha pili aliinua mkono, akasema, "Mwalimu, naomba kuuliza. Mtu akisali huku mawazo yake yako kwenye mpira, Mungu husikia sala au husikia mpira?" Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, maana sijapata kuulizwa swali la dini lililo zuri kuliko hilo. Nilimwambia kwamba swali lake lina umri wa zaidi ya miaka 1,600.

Agostino, askofu wa Hippo, mji uliokuwa mahali palipo Annaba ya leo katika nchi ya Algeria, alikuwa Mwafrika wa kaskazini. Katika kitabu chake cha Maungamo, alichokiandika karibu na mwaka 397, aeleza kwamba alikwisha kuacha kwenda katika viwanja vya michezo kutazama mbwa wakimfukuza sungura; lakini akipita shambani akakuta mbwa akimfukuza sungura, macho yake huvutwa kutoka katika fikira nzito aliyokuwa nayo. Tena asema kwamba akiwa ameketi nyumbani, mjusi anayekamata nzi, au buibui anayemzungushia nzi nyuzi zake, aweza kumteka mawazo. Huyu ni mmoja wa walimu wakubwa kabisa wa Ukristo, naye ashindwa na mjusi! Vijana walifurahi sana kusikia habari ile, na mmoja akamtafuta mjusi juu ya ukuta wa darasa, akampata.

Lakini kuna tofauti ambayo mjusi wa Agostino hawezi kutufundisha, nayo hapa Usenge yatukabili kila mwezi. Wavuvi wa omena hufanya kazi usiku. Huelea na taa zao juu ya maji, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za umeme wa jua, na samaki wale wadogo hukusanyika penye mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haina nguvu, kwa hiyo katika siku za mwezi mpevu wavuvi hupumzika. Katika siku za giza ziwa hung'aa taa hata likafanana na mji. Basi nimeona kwamba mahudhurio ya Jumapili katika pwani yetu hufuata mwezi. Mwezi mpevu ukiangukia mwisho wa juma, viti havitoshi. Giza likiangukia Jumapili, wahubiri huhubiria watoto na wazee. Nimewasikia wengine wakilaumu kutoka mimbarani kwamba watu wameacha Mungu kwa ajili ya omena.

Lawama hiyo sikubaliani nayo. Omena aliyetolewa majini alfajiri lazima aanikwe siku ile ile. Akinyeshewa na mvua huharibika, na bei yake hushuka hata akawa wa kulishia kuku. Mwanamke aliyekopa fedha ili anunue debe la omena, naye ana watoto wanaodaiwa karo, hawezi kuliacha debe lile mchangani saa tatu asubuhi akaenda kuimba. Kazi yake si upuuzi unaomvuta kutoka kwa Mungu. Kibanda cha kamari ni upuuzi. Simu inayopekuliwa bila haja ni upuuzi. Omena ni karo na dawa na sabuni. Mtu asiyepambanua haya mawili atawalaumu wenye njaa na kuwasamehe wavivu.

Mama yangu mdogo ni mmoja wa wanawake hao. Ni mjane, na kijana wake wa kwanza ni mvuvi. Yeye huanika omena juu ya nyavu kuukuu zilizotandikwa mchangani, nazo ni nne. Nilimkuta Jumapili moja ya siku za giza akigeuza omena kwa ufagio, midomo yake ikienda polepole, nikamngoja amalize. Alipoinua uso nikamsalimu, nikamwuliza, "Mama, ulikuwa ukihesabu?"

"Nilikuwa nikisali, mwanangu."

"Katika makelele haya?"

Akanionyesha kwa ufagio. Wavu wa kwanza ni wa kijana aliye ziwani. Wa pili ni wa binti aliyeolewa. Wa tatu ni wa watoto waliobaki nyumbani. Wa nne ni wa marehemu mumewe na watu wote anaowadai na wanaomdai, "kwa sababu hao nikiwasahau," akasema, "ninawachukia." Akigeuza wavu humwombea mwenye wavu. Mnunuzi akija, huacha, hupatana naye bei, hata hugombana naye kidogo, kisha hurudi. "Nikirudi najua niliachia wapi. Samaki waliogeuzwa wanaonekana, na wasiogeuzwa wanaonekana."

Nimesoma vitabu kadhaa juu ya sala, navyo vingi huanza kwa kutuambia tutafute chumba cha upweke. Mama huyu hana chumba cha upweke. Nyumba yake ni vyumba viwili na watu sita. Hajaribu kuyaondoa makelele. Ameifunga sala yake kwenye kazi ya mikono, hata atakayemkatiza asiweze kuipoteza.

Nilidhani kwamba nimekwisha kuelewa. Kisha ukaja usiku mmoja wa muhula wa tatu.

Vijana wanaosoma jiografia watafahamu sababu ya dhoruba za ziwa letu. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Upepo wa baridi, ule ambao watu wa pwani ya bahari huuita upepo wa umande, hushuka kutoka katika vilima vinavyolizunguka ziwa, ukakutana katikati ya maji yenye joto. Hewa hupanda, mawingu hujengeka, na mvua ya radi hupiga wakati ule ule ambapo wavuvi wa omena wako kazini. Makadirio yanayotajwa mara nyingi na wataalamu wa hali ya hewa ni kwamba kati ya watu 3,000 na 5,000 hufa kila mwaka katika ziwa lote, pande za Kenya, Uganda na Tanzania.

Upepo ulianza saa nane za usiku. Nilipofika ufuoni mama yangu mdogo alikuwa amekwisha kuwapo, na wanawake wengine wapata ishirini, wamejifunika leso na magunia. Taa za ziwani zilizima moja moja, hata tukabaki tukitazama weusi mtupu. Hakuna aliyehubiri. Watu walisali, wengine kwa sauti, wengine kimya, na ninaweza kushuhudia kwamba katika saa zile nne hapakuwa na wazo la mtu lililozurura. Mpira haukuwapo, deni halikuwapo. Moyo wa kila mtu ulikuwa umekazwa kama kamba ya nanga.

Saa kumi na mbili na nusu simu ya mama yangu mdogo ililia. Mashua ya kijana wake ilikuwa imejificha nyuma ya kisiwa cha Mageta, nao wote wanne walikuwa hai. Tangu siku ile nimeona vigumu kuitukana simu bila mipaka, kama baadhi ya wahubiri wanavyopenda kufanya.

Siku ya tatu ufuo ulirudi katika hali yake ya desturi. Redio zikalia, vibanda vikajaa, na wale waliokuwa wakilia pamoja nasi walibishana juu ya mizani. Jambo hilo lilinifikirisha kuliko dhoruba yenyewe. Hofu yaweza kuukusanya moyo wa mtu kwa nguvu kuliko kengele yoyote ya chuo, lakini haiwezi kuukalisha. Ikiondoka, humwacha mtu pale pale ilipomkuta.

Katika Injili ya Mathayo tunasoma habari ya Petro, naye alikuwa mvuvi kama watu wetu, jinsi alivyotoka chomboni akatembea juu ya maji kumwendea Yesu, kisha akaanza kuzama. Nimewauliza wanafunzi wangu: upepo ule ulianza lini? Wakisoma vizuri huona kwamba ulikuwapo tangu mwanzo, hata kabla hajainua mguu. Kilichogeuka si bahari. Alitazama upepo. Na sisi tulio pwani twajua kwamba mvuvi hawezi kuacha kutazama upepo, la sivyo atakufa. Kwa hiyo sidhani kwamba tunaagizwa tuwe vipofu. Yatupasa kuwa na mahali pa kurudishia macho, kama mwenye wavu wa pili ajuavyo kwamba wa tatu bado haujageuzwa.

Mimi sina omena wa kuanika. Ninayo daftari ya mahudhurio yenye majina 47. Kila asubuhi, kabla ya kuita majina, huiacha simu katika droo ya chumba cha walimu, nikaketi darasani peke yangu kwa muda wa dakika kumi, na kuwaombea wanafunzi watatu kwa kufuata mpangilio wa daftari. Pikipiki hupita, mtoto huja kuomba chaki, mawazo yangu huondoka yakaenda katika mshahara na paa linalovuja. Hurudi katika jina nililoliachia. Kwa hesabu hiyo kila mwanafunzi hufikiwa mara moja katika majuma matatu na siku moja, nami nimegundua kwamba ni vigumu kumchapukia kwa maneno makali kijana ambaye zamu yake ilikuwa asubuhi ile. Kijana wa swali la mpira ni wa 31. Sijamwambia.

Kuanzia Aprili hadi Julai serikali hufunga uvuvi wa omena ili samaki wapate kuzaana, na nyavu za mama yangu mdogo hukunjwa zikawekwa juu ya dari. Mwaka huu nilikwenda kumtazama katika majira hayo, nikamkuta akipalilia sukuma wiki nyuma ya nyumba. Nikamwuliza ni wapi anaposali sasa. Akacheka, akaniambia nisikanyage mstari ule ulio karibu na ua, kwa kuwa ni wa kijana wake. Amekwenda kuvua mbuta, wala hajarudi.